Alama ya Pili kwenye Pulei

6 Februari

Mjomba, shikamoo.

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima na kikohozi cha Desemba kimekuacha. Sisi tupo. Cherehani bado inanilisha, na mwaka huu shule tatu zimenipa sare zao. Mama anakusalimu. Anasema uache kumwandikia kwa mwandiko wa fundi, hasomi hata nusu yake.

Bado anasafishwa damu Jumanne na Ijumaa. Wamempangia mashine ya saa kumi na mbili asubuhi. Kutoka hapa hadi hospitali ni kilomita thelathini na nne, basi la kwanza linaondoka saa moja, na hakuna dereva wa teksi anayekubali kuingia mtaani kwetu kabla ya jua. Kwa hiyo tunategemea pikapu yako, na pikapu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Tangu katikati ya Januari gari linapiga stata kwa shida. Ukigeuza ufunguo, injini inazunguka nusu, inakwama kama imegonga ukuta, inazunguka tena kidogo, inakwama. Mara nyingine inarudi nyuma kwa kishindo mpaka gari zima linatikisika. Likishawaka linakwenda, ila kwenye mlima injini inagonga kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo.

Nilimwita Profesa, yule fundi umeme anayevaa tai kazini. Akasema betri imechoka. Tukanunua betri. Akasema basi ni stata. Tukabadilisha stata. Juzi amekuja, amesikiliza, akaniambia, "Dada, hili gari lina kiburi tu." Mama alikuwa dirishani, akamjibu, "Halina kiburi, lina figo mbovu kama mimi. Na wewe ndiye daktari wetu, tumekwisha."

Ujue pia kwamba katikati ya Januari hiyohiyo nilibadilisha platini mwenyewe, vile vipande viwili vinavyokata umeme wa cheche. Nilitoa distributa nzima, kopo lote la kugawa cheche, nikairudisha kwa kufuata alama ya kwenye pulei ya kranki, lile gurudumu la mkanda mbele ya injini, kama ulivyonifundisha. Sidhani kama nilikosea. Alama niliiona vizuri.

Nilipiga simu ofisini kwenu. Wakaniambia simu ni ya dharura tu, na gari si dharura. Kuja huko ni siku mbili barabarani, nami siwezi kumwacha mama. Andika upesi. Akikosa mashine mara moja, maji yanampanda kifuani. Hilo daktari kaniambia mimi, mama hajui kwamba najua.

Mpwa wako


21 Februari

Mpwa wangu Vidole,

Marahaba. Barua yako nimekabidhiwa juzi. Kikohozi kipo, lakini kimezeeka na sasa tunaelewana. Huku tunalala kumi na wanane katika chumba cha wanane. Nimepewa kazi kwenye karakana ya useremala, nachonga miguu ya viti. Kati ya miaka saba niliyopewa kwa lile gari lililokutwa uani kwangu, nimemaliza mmoja na miezi minne. Rufaa itasikilizwa Agosti. Wakili anasema mpaka hapo nisiongeze neno wala kupunguza.

Sasa gari. Mwambie Profesa afunge tai yake aende nyumbani. Betri haina kosa, stata haina kosa. Fanya hivi: chomoa waya mnene wa katikati unaoleta umeme wa cheche kutoka kwenye koili hadi distributa, kisha piga stata. Gari halitawaka, na wewe hutaki liwake. Sikiliza tu. Injini ikizunguka laini bila kukwama, basi umepata jibu: cheche inawahi mno. Pistoni bado inapanda, petroli inalipuka kabla haijafika juu, na mlipuko unaisukuma irudi chini. Stata inavuta huku, mlipuko unasukuma kule. Ndiyo maana ya kile kishindo.

Alama ya kwenye pulei usiifuate. Alama huchakaa, na macho hudanganyika. Tafuta mwenyewe. Toa plagi ya silinda ya kwanza. Ziba tundu kwa kidole. Mtu mwingine azungushe kranki polepole kwa spana mpaka upepo ukisukume kidole. Hapo ingiza kijiti chembamba cha ufagio tunduni, endelea kuzungusha, na kijiti kinapokoma kupanda, hapo pistoni iko juu kabisa. Chora kwa chaki kwenye pulei, pale panapotazamana na kile kidole cha chuma kilicho kwenye injini. Kutoka hapo rudisha kranki kwa upana wa ukucha wa kidole kidogo. Legeza nati ya distributa, uizungushe taratibu mpaka platini ndiyo kwanza zinaanza kuachana. Kumbuka: ukiizungusha upande uleule rota ya ndani yake inakozunguka, cheche inachelewa, kinyume chake, inawahi. Kaza nati. Nyaya zipangwe 1-3-4-2.

Nimekuchorea kila hatua kwenye karatasi ya pili na ya tatu, na ya nne ni distributa ikiwa imefunguliwa. Serikali inatupa barua moja kwa mwezi, nimeamua kuitumia yote.

Msalimie dada. Mwambie mwandiko huu si wake, ni wako.

Mjomba


14 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nilikuandikia tarehe sita mwezi uliopita. Sijaona jibu. Labda barua imepotea, labda unaumwa. Kama umeninunia kwa sababu nilifungua distributa bila ruhusa, nuna baadaye.

Gari limezidi. Siku hizi haliwaki kwa stata hata kidogo, linawaka kwa kusukumwa. Namshukuru jirani mwenye kiwanda cha mikate: vijana wake watatu wanakuwa macho saa kumi alfajiri, na saa kumi na nusu wanatoka na unga mikononi kuja kutusukuma mpaka chini ya mteremko. Mama anakaa mbele amejifunga shuka. Wiki iliyopita mmoja wao akamwambia, "Mama, leo umeongeza uzito." Mama akamjibu, "Nimeongeza maji. Na wewe ongeza nguvu." Wakacheka mpaka wakaacha kusukuma.

Hata hivyo tumechelewa mara mbili. Muuguzi mkuu wa kule mashineni si mtu mbaya, lakini ana watu kumi na tisa kwenye orodha ya kungoja. Ameniambia waziwazi: "Ikifika saa moja kamili hamjafika, nampa mwingine. Sitasubiri injini."

Nimemwita fundi wa pili. Amesafisha kabureta. Wa tatu kasema injini imechoka, niuze chuma. Wote wanaanza kwa kugusa betri, kama watu wanaosalimiana.

Kama unajua kitu, kiandike hata kwa mstari mmoja.

Mpwa wako


2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Sijakununia. Jibu lako niliandika tarehe ishirini na moja Februari, karatasi nne, nikalikabidhi siku ileile. Jana ndiyo nimejua liko wapi.

Niliitwa ofisini. Afisa wa barua alikuwa ametandaza karatasi zangu mezani, na pembeni yake ameketi mkubwa ambaye sijawahi kumwona. Nakuandikia mazungumzo kama yalivyokuwa, maana afisa mwenyewe, aliyekuwa akiuliza, atayasoma na anaweza kunisahihisha.

"Hizi namba ni za nini? Moja, tatu, nne, mbili."

"Mpangilio wa cheche, afande. Silinda ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili."

"Cheche za nini?"

"Za kuwashia gari."

"Hapa umeandika, 'inalipuka kabla haijafika juu'. Nini kinalipuka?"

"Petroli, afande."

"Juu wapi?"

"Ndani ya injini."

Afisa aliandika "petroli" kwenye daftari, akapigia mstari mara mbili. Halafu akanyanyua mchoro wa distributa. Kusema kweli, ukiitazama kwa macho ya mtu asiyejua, nyaya tano zinatoka kwenye kopo jeusi na pembeni nimeandika "wakati". Nikamwambia amwite dereva yeyote wa gari la gereza amuulize. Akasema madereva hawafanyi uchunguzi. Barua imepelekwa kwa wakubwa makao makuu. Mpaka irudi, nimekatazwa kuandika neno lolote la ufundi.

Nimeomba niruhusiwe jambo moja tu, la usalama wa mgonjwa. Amesema niandike, ataona.

……………………………………………

Mengine ni salama. Msalimie dada. Mwambie namwomba awe wa kwanza mlangoni kila Jumanne na kila Ijumaa, hata kwa mgongo wa mtu.

Mjomba


11 Mei

Mjomba,

Barua yako ya Aprili ilifika tarehe kumi na saba. Mistari mitatu katikati imepakwa wino mweusi. Niliishika juani, nikaigeuza, nikaisugua kwa mate. Sikupata hata herufi moja.

Mama amefariki tarehe ishirini na nne Aprili, saa nne asubuhi. Tulimzika kesho yake. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu kila nikianza nilikuwa naandika habari za gari. Nakueleza kwa mpangilio.

Ijumaa ya tarehe kumi na tisa tulifika saa moja kasoro dakika tano. Muuguzi alimpokea, lakini walimpunguzia muda. Badala ya saa nne akapata mbili. Jumamosi miguu ilivimba. Jumapili alilala ameketi.

Jumanne ya tarehe ishirini na tatu kiwanda cha mikate kilikuwa kimefungwa. Tanuri lao lilipasuka, wakawapa vijana likizo ya wiki. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza. Saa kumi na nusu nilitoka, hakuna mtu. Nikapiga stata. Ikakwama. Nikapiga tena. Mara ya sita au ya saba injini ilirudi nyuma, nikasikia chuma kinakatika. Mdomo wa stata ulikuwa umepasuka. Nilibisha hodi nyumba nne. Wanaume wawili walitoka, tukasukuma, lakini barabara ilikuwa matope na tairi hazikushika.

Tulipata pikipiki ya matairi matatu saa moja na robo. Njiani mama alisema mara moja tu: "Usimgombeze yule muuguzi." Tulifika saa mbili na dakika arobaini. Kwenye mashine yake alikuwa amelala mzee mmoja aliyekuwa akingoja nafasi tangu Novemba. Muuguzi akasema, "Nimewasubiri mpaka saa moja na dakika kumi. Zaidi ya hapo nisingeweza." Akatupangia kesho yake, saa nane mchana.

Haikufika saa nane. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ananiambia nimletee kitana.

Vyeti vyake ninavyo. Nguo zake bado sijagusa. Gari liko pale lilipokwama.

Mpwa wako


3 Juni

Mjomba,

Tarehe thelathini na moja Mei nimepokea bahasha yako ya Februari. Imefunguliwa, imegongwa mihuri mitatu, na juu ya mchoro wa distributa mtu ameandika kwa penseli: "Haina madhara." Siku mia moja ukihesabu tangu ulipoiandika.

Nimeisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikaazima stata kwa yule fundi wa tatu, nikaifunga, na kijana mmoja wa mikate akanisaidia. Nilichomoa waya wa koili. Nikapiga stata. Injini ilizunguka laini kama cherehani. Kijana akasema, "Dada, imepona!" Nikamwambia haijapona, ndiyo kwanza imesema inaumwa nini.

Tukafanya yote uliyoandika: kidole, kijiti cha ufagio, chaki. Chaki ilipokaa, haikuwa kwenye alama niliyofuata Januari. Ilipishana nayo kwa vidole viwili kamili. Nikarudisha kranki kwa upana wa ukucha, nikaifuta pulei kwa petroli nione vizuri. Hapo, chini ya grisi, palikuwa na alama ya pili. Si ya kiwandani. Imekatwa kwa tupa, na ndani yake mna rangi nyekundu ya kucha.

Rangi ile naijua. Ni ya mama. Ile chupa aliitafuta wiki nzima miaka mitatu iliyopita, na wewe ukamwambia imechukuliwa na panya.

Nikaweka taimingi, yaani wakati wa cheche, kwa alama yako. Gari limewaka kwa mguso mmoja. Kazi yote ilichukua dakika arobaini, na bila kijiti na chaki ingechukua kumi.

Sasa nakuuliza, na ukinidanganya nitajua. Uliikata wewe alama ile. Ulijua alama ya kiwandani kwenye pulei hii ni ya uongo. Nilikuandikia Februari kwamba nimefuata alama. Hapohapo ulijua nimekosea wapi. Kwa nini hukuandika "fuata alama nyekundu"? Ni maneno matatu. Hayana namba, hayana mlipuko, hayana mchoro. Yule afisa angeyapitisha siku ileile, nami ningeyapata kabla Machi haijaisha.

Kwa nini uliniambia alama huchakaa?

Mpwa wako


19 Juni

Mpwa wangu,

Barua yako ya Mei niliipata tarehe ishirini na nane. Nilianza kuijibu mara nne, na wewe ukawahi kuniuliza kabla sijamaliza. Afadhali. Ningekuandikia pole tu, na pole yangu ingekuwa uongo mwingine.

Swali lako nalijibu kama lilivyo.

Pulei ya gari letu ilipasuka miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Agosti. Nyingine haikupatikana dukani. Wiki ileile watu wawili waliniletea gari lisilo na vibao vya namba, wakasema nilifiche uani siku kumi. Sikuuliza, kwa sababu nilijua. Injini yake ilikuwa inafanana na yetu, ila si ileile. Nilifungua boneti nikatoa pulei, nikaifunga kwenye pikapu. Iliingia vizuri, lakini alama yake haikukubaliana na injini yetu. Nikatafuta alama sahihi kwa kijiti cha ufagio, nikaikata kwa tupa, nikaitia rangi ya dada.

Mahakamani niliapa kwamba gari lile liliegeshwa tu, na kwamba sikuwahi kugusa hata boneti. Rufaa yangu yote imesimama juu ya maneno hayo. Wenye gari walioibiwa walipolichukua polisi, waliorodhesha vilivyokosekana, na pulei imo. Polisi hawakujua pa kuitafuta.

Barua yako ilipofika Februari nilijua kosa lako kabla sijamaliza kusoma. Niliketi na kalamu. Nikiandika kuna alama mbili, anayesoma barua atauliza kwa nini pulei moja ina alama mbili. Nikaona nikufundishe kuitafuta upya, upate jibu bila mimi kulitaja. Niliandika karatasi nne ili nisiandike mstari mmoja. Nilijipongeza, hata. Nilidhani ni kazi safi.

Ile mistari mitatu waliyopaka wino ilisema uchomoe waya wa koili, basi. Hata Aprili, nikijua dada anasukumwa saa kumi na nusu alfajiri, rangi nyekundu sikuitaja.

Utasikia watu wakisema ni afisa aliyeshika barua, au muuguzi, au tanuri la mikate. Afisa alishika nilichompa. Ningempa maneno matatu, angepitisha maneno matatu.

Basi mstari wenyewe ni huu, na naomba usifutwe: pulei iliyoko kwenye pikapu yetu nimeitoa mimi kwenye gari la wizi, na nilijua ni la wizi. Nyuma yake, upande unaotazama injini, imepigwa namba. Italingana na karatasi za wenye gari. Usiisugue, usiiuze, usiifungue. Polisi watakuja kuichukua, wiki hii au ijayo. Watakapokuja, waonyeshe ilipo, na uwaambie ni mimi niliyesema. Wewe hukujua, na barua zako zote wamezisoma hapa, zinathibitisha hivyo.

Wakishaitoa, gari halitatembea. Samahani kwa hilo pia.

Umeuliza kwa nini, hukuuliza kama ingesaidia. Nakujibu hata hivyo, kwa sababu najua unalala nalo. Ndiyo. Taimingi ikiwa pale kwenye rangi nyekundu, gari lile huwaka kwa mguso mmoja, kukiwa na matope au hakuna, mtu wa kusukuma awepo au asiwepo. Jumanne ile mngefika kabla ya saa kumi na mbili.

Mjomba wako